Mbuzi Aliyekula Kofia

Ofisini tulimwita Mama Bonyeza, maana kutwa nzima ndilo neno lililomtoka. Walimu wa shule zilizopewa kompyuta zetu za kufundishia watoto kusoma walipiga simu kila wakikwama, naye akawajibu: "Bonyeza kitufe cha kijani, mwalimu. Hapana, kijani." Mimi nilikaa meza ya pili nikitunza taarifa za wanafunzi, na nakiri nilimcheka sana. Ulimi hauna mfupa, na wangu ndio kabisa.

Lakini alikuwa na sauti nzuri. Siku ya kurekodi hadithi, mtangazaji tuliyemkodi alikuja na mafua, sauti imekauka. Mkuu wa ofisi yetu akamsukuma Mama Bonyeza chumba cha kurekodia akasoma ile ya kwanza, ya mbuzi aliyekula kofia. Kumi na tisa zilizobaki alizisoma mtangazaji alipopona. Kompyuta husoma sentensi, mtoto huirudia. Akishairudia ya mwisho, hadithi inayofuata hufunguka.

Alikuwa na binti mmoja tu. Alipoachana na mumewe, mtoto alichukuliwa na shangazi yake, mji mwingine, akiwa na miaka minne. Shangazi mtu hakupokea simu. Mama Bonyeza alifunga safari mara mbili, mara zote mbili akaishia getini. Ikapita miaka mitatu. Kila nilipomwona ameduwaa dirishani nilijua yuko wapi, na hapo hata mimi nilifunga mdomo.

Asubuhi moja akapiga mwalimu wa darasa la kwanza, amepandisha sauti hadi mimi nikamsikia.

"Mashine yenu mbovu! Nina mtoto kanasa kwenye hadithi ya mbuzi, leo mara ya thelathini na tisa. Anasoma vizuri tu, lakini ikifika zamu yake kwenye sentensi ya mwisho, kimya! Anarudi mwanzo. Muhula ukiisha hajavuka, atarudia darasa."

"Jina lake nani, mwalimu?"

Mwalimu akataja jina la mtoto, la baba na la babu. Kalamu ikasimama mkononi mwa Mama Bonyeza.

"Umemuuliza kwa nini hamalizi?"

"Eti akimaliza, mama anaondoka, anakuja yule baba wa redio. Mama gani, sijui. Watoto wa siku hizi!"

Mama Bonyeza akaaga kwa adabu, akakata simu, akaenda moja kwa moja kwa Mkuu kumwomba asome hadithi zote upya. Mkuu akakataa: kazi ilishakwisha, na mtangazaji alikuwa na mkataba. Akarudi amekunja uso. Nami, kwa akili zangu fupi, nikadhani namfariji.

"Si umwache tu na mbuzi wake, dada? Angalau anakusikia kila siku."

"Arudie darasa kwa ajili ya hamu yangu?"

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi sijazaa.

Alasiri akamshika fundi wa sauti, wakajifungia. Baada ya sentensi ya mwisho, ile ya mbuzi kulala akiwa ameshiba kofia, kabla ya zamu ya mtoto kuirudia, akaongeza maneno machache: "Umesoma vizuri. Sasa nenda mbele, mwanangu, usiogope." Yalitoka mara moja tu, hakutaka kuyarekodi tena. Jioni yakaenda shule zote, watoto wote wakawa wanawe, na Mkuu hajagundua mpaka leo.

Kesho yake nikafungua taarifa, yeye amesimama nyuma yangu akipumua shingoni mwangu. Mtoto alikuwa amerudia sentensi ya mwisho bila kosa. Hadithi ya pili ikawa imefunguka. Nikapiga kelele ofisi nzima ikageuka, yeye akatabasamu tu huku amekamata kiti changu kwa mikono miwili.

Muhula ulipofungwa binti alikuwa hadithi ya kumi na moja, na darasa alikuwa amevuka. Mpaka sasa, kila asubuhi, Mama Bonyeza huja mezani kwangu kabla hata ya kuvua koti.

"Leo yuko wapi?"

"Ya kumi na sita. Anakimbia huyo!"

"Na kwenye mbuzi, hajarudi hata mara moja?"

Kuna siku nimetamani kumdanganya, lakini kioo cha kompyuta kiko wazi na macho anayo.

"Hata mara moja, dada. Ulimwambia aende mbele."

"Ni mtiifu," akasema. "Laiti angekaidi siku moja tu."