Boliti Zisizo na Vichwa

Ntate Moloi, mkaguzi wa uwanja wa kuzungushia magari, hakuwa mtu wa hotuba. Alipenyeza mkono dirishani, akaukamata usukani wa lile Gusheshe jekundu, gari la zamani la Kijerumani, akautikisa juu chini kama mtu anayepima uzito wa jogoo kabla hajamnunua. Usukani ukajibu: kok, kok.

"Bado, Ausi Puse."

"Ntate, huko chini nimebadilisha kila kitu."

"Na huku juu? Gari linazunguka kama pia, wewe kiwiliwili kizima kiko nje ya dirisha, watoto wa watu wamejipanga ukutani. Usukani ukikubakia mkononi, nani ataenda kuwaambia mama zao?" Akachora mstari wa chaki kwenye kioo cha mbele, kando ya mstari mwingine. "Huu wa pili. Jumamosi ijayo ukiniletea kok-kok hii tena, msimu wako umekwisha."

Puseletso Mofokeng akageuza gari. Mtu akishataja bei yake ya mwisho, kubishana naye ni kumpa raha ya kukukatalia tena.

Langoni alikuwa ameegemea Bra Oupa, mnunuzi wa vyuma chakavu na mzungushaji wa magari kama yeye, mkononi ana kota, mkate uliojazwa chipsi na achari, mchuzi ukimchuruzika. "Ausi wangu, hicho chombo kimekuchoka. Niuzie nikusitiri."

"Sitiri kwanza hiyo achari kidevuni, Bra Oupa."

Walinzi wa lango wakaangua kicheko, lakini Puseletso hakucheka. Alijua Oupa amelitolea macho gari lile miaka mingi, na anasubiri siku ya kulipata kwa bei ya msiba.

Pale Katlehong, Gusheshe ni Gusheshe. Gari jipya watu hulitazama; Gusheshe, hata likiwa na umri wa kupata wajukuu, watu huliachia njia. Puseletso hakulirithi wala hakuhongwa. Alianza na friji bovu lililotupwa kando ya reli. Friji akalibadilisha kwa mizani, mizani ikamzalia mkokoteni, mkokoteni ukamfikisha kwenye uwanja wake mwenyewe wa vyuma, na mrundo mmoja mzuri wa shaba ukamletea gari. Mume alikuwapo katikati ya safari hiyo, lakini biashara hiyo ya ndoa haikudumu. Kuzungusha gari alijifunza baada ya kuona kwamba watu hupeleka vyuma vyao kwa mtu wanayemjua jina. Mwanamke anayetoka dirishani huku gari linajizungusha lenyewe katikati ya moshi, jina lake halisahauliki. Akikosa msimu mmoja tu, Oupa atakuwa amewazoa wateja wote, na gari litafuata nyuma yao.

Kwa hiyo Jumatatu aliingia chini ya dashibodi, mgongo sakafuni, miguu nje kwenye baridi ya Julai, tochi mdomoni. Mpira wa kiungo kule chini ulikuwa mpya, ameuweka kwa mkono wake. Lakini nguzo ya usukani yenyewe, pale inaposhikwa juu na kishikizo cha chuma, ilikuwa inaning'inia. Dawa ni kufungua kishikizo kile. Tatizo ni kwamba boliti zake hazikuwa na vichwa. Vilibaki vibonge viwili vya mviringo, laini kama kokwa, spana haina pa kung'ata. Akajaribu koleo, koleo likateleza, likamchubua vidole. Akajaribu tena. Likateleza tena. Akakaa, akalamba damu, akafikiri.

Waliolitengeneza gari walizikata vichwa kwa makusudi. Boliti kama ile hukazwa mpaka kichwa kinavunjika, ili mwizi asipate pa kushika. Vema. Ikiwa ziliwekwa kwa ajili ya wezi, basi anayezijua sawasawa ni mwizi.

Akaenda kwa Baba Nkabinde.

Zamani Baba Nkabinde alikuwa akiitwa Dakika Mbili, kwa sababu kuiba gari lako hakuhitaji zaidi ya hizo. Siku hizi alivaa kanzu ya kijani na nyeupe, akafagia uwanja wa kanisa lake la Zioni, na wanawe walimwogopa kuliko polisi walivyowahi kumwogopa. Puseletso alimweleza shida yake bila kuzunguka. Mzee akaendelea kufagia.

"Binti yangu, niliapa mbele ya kusanyiko. Mkono huu hautagusa tena nguzo ya usukani."

"Gari ni langu, Baba. Kadi ninayo."

"Sikuapa kwa habari ya kadi. Niliapa kwa habari ya mkono."

"Na mdomo je?"

Ufagio ukasimama.

"Mdomo haukuapa," Puseletso akasema. "Njoo ukae kwenye kreti, mikono yako iweke utakapo. Wewe sema, mimi nifanye."

Mzee akalitazama paa la chumba cha kubadilishia kanzu, lenye matundu kama chujio. "Una mabati pale kwako."

"Yapo."

"Ishirini."

"Baba! Unaezeka kanisa au uwanja wa ndege? Matano."

"Matano yatafunika kichwa cha mchungaji tu. Sisi wengine tunyeshewe? Kumi na tano."

"Manane, na sikuulizi maswali ya zamani. Lile gari la mjomba wangu lilipotea wapi, mimi sijui."

Mzee akakohoa. "Kumi. Yasiyo na tundu."

"Kumi," akakubali Puseletso, na papo hapo akaanza kuwaza ni kumi yapi.

Asubuhi yake Baba Nkabinde alikaa kwenye kreti ya bia kando ya mlango wa gari, viganja amevikalia. Puseletso alikuwa chini, tindo ndogo mkono mmoja, nyundo mkono wa pili.

"Usiipige usoni," mzee akasema. "Ipige ukingoni, kwa pembeni, uisukume upande inakofungukia. Polepole. Hapana! Huo si msumari. Ibembeleze."

"Nimeshaibembeleza, haitaki."

"Uliiacha mapema. Ngozi ya boliti imechubuka, ndiyo, mfupa je? Endelea."

Akaendelea. Tindo ikateleza, akairudisha. Ikateleza, akairudisha. Vumbi la kutu likamwingia machoni, akayafumba akapiga kwa kubahatisha, na mzee akawa anasikiliza mlio kama daktari. "Hapo. Umesikia imebadilika sauti? Imekubali." Mabega yake yalikuwa yanacheza, mikono inataka kutoka chini ya mapaja. Hakuitoa.

Boliti ya kwanza ikatoka kwa koleo, ya pili ikafuata kwa matusi. Puseletso akakishusha kishikizo kwenye mwanga. Matundu yake, yaliyopaswa kuwa mviringo, yalikuwa yameliwa yakawa marefu kama jicho la mbuzi.

"Unatokaje dirishani?" Baba Nkabinde akauliza.

Akamwonyesha: mkono wa kushoto juu ya paa, wa kulia kwenye usukani, kisha akajivuta kurudi ndani kwa usukani huohuo.

"Na uzito wako wote unaning'inia hapo. Kila wiki." Mzee akatikisa kichwa. "Mimi niliharibu nyingi, lakini zilikuwa za watu. Wewe unaharibu ya kwako."

Neno lile lilimchoma, kwa kuwa lilikuwa kweli na lilitoka kwa mwizi. Hakujitetea. Alichomelea bamba jipya la chuma juu ya matundu yaliyoliwa, akatoboa mapya. Kisha akakata kipande cha bomba, akakichomelea ndani, juu ya mlango, kiwe mshikio. Kutwa nzima alifanya zoezi la kutoka na kuingia gari likiwa limesimama, mkono ukiukimbilia usukani kwa mazoea, naye akiuchapa kwa mkono mwingine, kama mtoto mdokozi.

Wakati wa kufunga akachukua boliti za kawaida, zenye vichwa.

"Hapana," mzee akasema. "Zisizo na vichwa."

"Kesho nikitaka kufungua?"

"Ukifungua wewe, atafungua na mwingine. Nawajua."

Akachukua zile zinazovunjika vichwa, akakaza kwa uzito wake wote. Kak! Kichwa kikadondoka sakafuni. Kak! Na cha pili.

Jumamosi Ntate Moloi alipenyeza mkono, akatikisa. Kimya. Akatikisa kwa mikono miwili, karibu alinyanyue gari. Kimya. Akalamba kidole, akaifuta mistari ya chaki.

"Umenunua mpya?" Bra Oupa akauliza, uso umemshuka.

"Nimebadilishana."

Uwanjani gari lilianza kuzunguka, moshi ukapanda, ukuta mzima wa watu ukapiga mluzi. Puseletso akatoka dirishani mpaka magotini. Wakati wa kurudi mkono wake ulianza safari yake ya zamani kuelekea kwenye usukani. Akauzuia. Akalikamata bomba, akajivuta, akaketi, na usukani ulikuwa palepale alipouacha.

Jumapili akapeleka mabati, kumi kamili. La saba lilikuwa na tundu. Baba Nkabinde aliliona kabla halijateremshwa.