Mrukaji Hashiki

Watu wakisikia niliwahi kufanya sarakasi Ulaya, wanataka niwasimulie habari za simba na taa za rangi. Simba sikumwona hata mmoja. Nilichokiona ni matope, hema lililolowa, na mume na mke wenye sarakasi ile, Wazungu wa Ulaya bara, si Waingereza, waliozaliwa ndani ya karavani na kulelewa barabarani, wakila viazi vya kuchemsha kama sisi wengine. Hema liliuzwa kwa sababu hakukuwa tena na kiwanja cha kulisimamisha wala watu wa kulijaza. Sasa wanaishi Stratford, mashariki mwa London, katika fleti ya kaunsili, yaani halmashauri ya mtaa, ghorofa ya chini. Mimi, waliyenileta kutoka Mombasa na wenzangu tujenge minara ya watu, ndiye ninayewaogesha na kuwapikia uji. Nawaita Mzee na Bibi, wamezoea.

Enzi zao walikuwa watu wa bembea za juu. Bibi alikuwa mrukaji, Mzee mdakaji. Mzee ananing'inia kichwa chini, Bibi anaachia bembea yake, anapita hewani, Mzee anamdaka. Lakini kuna jambo moja lililonichukua muda kulielewa: mrukaji hashiki. Ananyoosha mikono, anafungua viganja, anangoja. Akianza kukamata mwenyewe, mikono inagongana, vidole vinateguka, na mtu anaenda wavuni au pabaya zaidi. Kushika ni kazi ya mdakaji peke yake. Mzee alimfundisha hivyo tangu wakiwa wachumba, na Mzee huyo huyo alikuwa akitucheka sana sisi wa minara, maana kwenye mazoezi tulipigiana kelele kutwa nzima, "Shika! Shika wewe!" Alisema tunashikana kama watu wanaozama.

Bibi sasa kumbukumbu zimemtoka. Jina langu halijui, na chai yake anaiacha ipoe akidhani ni ya mtu mwingine. Ila mwili wake haujasahau kitu, na balaa lote limeanzia hapo. Akiteleza, hashiki. Kaunsili imempigilia vyuma vyeupe vya kushikia kila ukuta, bafuni, koridoni, kando ya choo, mpaka nyumba haina raha. Miguu ikimlegea, yeye ananyoosha mikono mbele, viganja wazi, uso umetulia kabisa, anangoja. Mimi na wewe tungekamata hata pazia. Yeye anaanguka na ile sura ya amani, halafu anashangaa akijikuta sakafuni. Na Mzee yuko palepale kwenye kiti cha magurudumu, mabega yamekwisha, mikono haipandi kupita kifua.

Mama mmoja wa ustawi wa jamii alikuja kuwaona, mpole, viatu kavua mlangoni bila kuambiwa. Akasema wazi kwamba Bibi akianguka tena atapelekwa nyumba ya wazee. Peke yake. Mzee atabaki hapa. Jamani, hawa watu hawajawahi kulala mbalimbali tangu walipooana. Hata walipokuwa wamenuniana, karavani ilikuwa na kitanda kimoja tu. Nilimsindikiza yule mama nje nimeuma meno. Nilitaka kumtukana, na tusi sikulipata kwa sababu alikuwa anasema kweli.

Basi nikaanza kumfundisha Bibi kushika. Naweka mkono wake kwenye chuma, nafunga vidole vyake kimoja kimoja, namwambia, haya, hivyo hivyo. Ananitazama kama mtu niliyemkosea adabu, anautoa.

"Mrukaji hashiki," ananiambia.

Ilikuwa hivyo kila nilipojaribu. Nikajikaza kisabuni, nikaendelea, na sikupata lolote zaidi ya maumivu ya mgongo. Mwishowe nikamgeukia mumewe.

"Mzee, mimi hanisikii. Wewe ndiye uliyemfundisha asishike. Mwambie wewe."

Akakataa kwa kichwa. Nilidhani ni ubishi wa uzeeni na hasira zikanipanda. Nikamwuliza kama anataka mkewe achukuliwe akafie kwa watu asiowajua. Sikuuma maneno. Akasukuma kando kikombe chake cha chai.

"Nikimwambia ashike," akasema, "nitakuwa nimemwambia kwamba simdaki tena."

Hasira zikaniisha hapo hapo. Nilikwenda jikoni nikaosha vikombe vilivyokuwa safi, kwa sababu sikutaka anione nikilia. Nimebeba watu mabegani maisha yangu yote, lakini lile neno lilinielemea.

Alimwambia asubuhi moja yenye mvua. Bibi alikuwa anatoka bafuni, mimi nyuma yake na taulo. Nikaona magoti yanaanza kulegea na mikono inaanza kuinuka, ikimwelekea mumewe aliyekuwa mlangoni kwenye kiti chake. Mzee akafungua mdomo. Hakutumia lugha yao, ile waliyotongozana nayo. Nadhani ilimshinda. Alitumia yetu, Kiswahili, neno lile lile alilokuwa akitucheka nalo zamani.

"Shika," akasema kwa sauti ndogo. "Shika wewe."

Bibi alikuwa amelisikia neno hilo miaka na miaka, chini ya bembea yake, likisemwa na watu wengine kuambiana wao kwa wao. Hakuwahi kuambiwa yeye. Akamtazama mumewe, viganja bado wazi. Kisha akageuza uso, akakikamata chuma kwa mikono yote miwili.

Sasa anashika kila kitu, kitasa, meza, mkono wa sweta langu. Yule mama wa ustawi alirudi akafurahi, akasema Bibi ameendelea vizuri na hakuna haja ya kumhamisha. Wamebaki pamoja, kitanda kimoja. Ningepaswa kushukuru, lakini natoka pale kila siku sina hamu hata ya kula, napanda basi nikiwa nimechoka na dunia.

Kila asubuhi Mzee anasogeza kiti chake hadi mlango wa bafu. Ananyoosha mikono kadiri inavyopanda, viganja wazi. Bibi anapita kando yake, ameshika ukuta.