Jumamosi ya Kuua Wageni

Niliua wageni wengi kabla sijafika darasa la saba. Nasema hivi bila aibu, kwa sababu kila mtoto wa ploti yetu pale Nyeri mjini, miaka ile ya themanini, aliua wake.

Wageni hao waliishi ndani ya mashine ya mchezo ya kinyozi. Kinyozi alikuwa amepanga chumba cha mbele, sisi tulikaa chumba kilichofuata, na kati yetu palikuwa na ukuta wa mbao tu. Alileta mashine ya kwanza ili wateja wasichoke kungoja zamu. Baada ya mwezi mmoja hakuna aliyekumbuka kunyolewa. Kwenye kioo cha mashine, viumbe wa sayari nyingine walishuka kwa mistari, wanene, wenye miguu mingi, kama kupe walioshiba, wakitaka kuchukua dunia yetu. Hawakuongea, hawakuomba, hawakuchoka. Ukiwamaliza, kinyozi analeta mashine ya pili, na humo unakuta ndugu zao, safari hii wamejifunza kujificha nyuma ya mawe. Niliwachukia kwa roho yangu yote, na sijawahi tena kufurahia chuki namna ile.

Jina walipewa na dada yangu. Alikuwa akisomea ualimu, na sisi kutwa kucha tulimsumbua atuambie lile neno la Kiingereza lililoandikwa juu ya kioo lina maana gani. Akafungua kamusi, akaweka kidole, akasoma kwa sauti ya mwalimu kabisa: "Mgeni." Basi. Kamusi imesema, nani abishe? Jioni hiyo nilimwambia mama kwamba nimeua wageni hamsini, naye, ambaye alishona sare za shule na hakuwa mbali na kipimo chake cha mbao, alinichapa nacho matakoni. "Kwa nyumba yangu mgeni anapewa chai!" alisema. Nikamweleza kwamba ni wa mashine. Akasema hata wa mashine.

Sasa ikaja Jumamosi ambayo wazee wa Gakindu walikuwa wanakuja kuona boma la kina dada, hatua ya kwanza ya posa. Kijana mmoja wa huko, aliyesomea ualimu pamoja naye, alikuwa amempenda, naye dada alikuwa amempenda mpaka anaimba akiosha sufuria. Lakini baba wa kijana alisifika kwa ukali. Tulisikia kwamba aliwahi kusimama na kuondoka katika boma la watu kwa sababu ya neno moja tu lililomkera, na posa ile ikafia hapo. Dada hakulala wiki nzima. Alinishika mabega, akaniambia nisimwangushe. Kazi yangu ilikuwa moja: kuwamwagia wageni maji ya kunawa mikono.

Ningeifanya vizuri sana kama kinyozi hangeleta mashine ya tatu siku ya Ijumaa.

Mashine ya tatu ilikuwa na mkubwa wao. Huyo alikaa katikati ya mstari, kichwa kipana, akitema moto, na sisi tukamwita Mzee. Wazee wa Gakindu walichelewa. Nikaona nichungulie kidogo tu, nirudi. Nilipopewa zamu, masikio yangu yalifungwa na dunia nzima ikabaki pale kwenye kioo. Watoto saba nyuma yangu walikuwa wakipiga kelele kama wamepandwa na wazimu.

"Wageni wamefika! Wageni wamefika!"

"Usiwape nafasi ya kukaa!"

"Anza na huyo wa katikati!"

Na sauti yangu mimi, ambayo mama angeitambua hata sokoni Karatina siku ya mnada: "Niachieni huyo Mzee! Ni wangu! Namuua mimi!"

Upande wa pili wa ukuta, wageni wetu walikuwa wamekaa dakika ile ile. Baba wa kijana alikuwa amepewa kiti cha katikati, na kichwani alikuwa na kofia pana.

Mlango wa kinyozi ukafunguka. Aliingia baba wa kijana kwanza, akafuatwa na wazee wenzake watatu, baba yangu, mama akiwa ameshika mdomo, na mwisho dada, macho yamejaa machozi. Kelele zikakatika.

"Ni nani anataka kuniua?" mzee akauliza.

"Si wewe, guka," nikasema, kwa maana kwetu mtu wa rika lake ni babu yako tu. "Ni huyu." Nikaonyesha kioo.

Akainama, akatazama. "Hawa wanataka nini?"

"Shamba yetu, guka. Dunia yote."

"Walibisha hodi?"

"Hapana."

"Na wataenda lini?"

"Hawaendangi. Hata ukiwamaliza, wanarudi na mashine ingine."

Mzee akavua kofia, akampa baba aishike. Akanisogeza pembeni kwa mkono mmoja. "Onyesha mahali pa kubonyeza," akasema.

Jamani, sijawahi kuona mtu akicheza vile! Alisimama miguu imepanuka, akainamisha kichwa kila moto ulipotemwa, akawatukana kwa Kikuyu matusi ambayo mama alituziba masikio bure kwa sababu tuliyasikia yote. Wazee wenzake wakamzunguka wakimpa amri. Baba akapiga kelele. Mama naye, yule yule wa chai kwa kila mgeni, akapaza sauti, "Kushoto! Ati huoni huyo wa kushoto?" Nilicheka mpaka nikashikwa na kwikwi. Kisha kioo kikawa cheusi.

"Imeisha?"

"Ulikuwa na maisha tatu, guka. Zimeisha."

"Tatu?" Akawageukia wenzake. "Hawa wako na tatu! Sisi kule msituni tukipigana na Mzungu tulikuwa na moja moja."

Wazee wakaangua kicheko, mmoja akashikilia ukuta asianguke. Nilicheka nao bila kujua nacheka nini. Siku hizi nikikumbuka, nacheka, halafu katikati nanyamaza.

Lakini mzee alikuwa hajamaliza. "Na ni nani aliwaambia hawa ni wageni?"

Ningeweza kumsingizia kinyozi. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Dada akapita mbele yangu, ingawa siku hiyo hakutakiwa kusema neno mbele ya wazee.

"Ni mimi, baba. Nilisoma kwa kitabu. Nisamehe, nilikosea." Nami nikajua nimemharibia maisha.

Mzee akachukua kofia yake kwa baba, akaivaa.

"Kitabu ndiyo ilikosea," akasema. "Mgeni ni mimi. Nitakunywa chai, jioni nitaenda kwangu, na mwezi ujao nitarudi kuomba huyu msichana. Kama mtakubali."

Dada alisahau kwamba msichana anayeposwa hainui macho. Alimrukia shingoni kwa nguvu hata mzee akayumba, akaegemea mashine.