Kovu langu lilichomwa kama pembe ya ndama

Jamani, leo daktari kakataa kabisa kunikata hili kovu la shavuni.

Lilianza kipele tu, sasa limevimba kama kidole gumba.

Akaliangalia, akauliza, "Nani alikuchoma hapa?"

Nikasema baba mdogo, kwa chuma cha moto. Kwetu Mwika ndama akichomwa hivyo pembe haioti tena.

Nesi akacheka mpaka akageukia ukutani. Mimi nikaangalia viatu vyangu.

Daktari hakucheka. "Kijana, ngozi yako ikiumizwa ndiyo inaota zaidi. Ule moto umelikuza. Nikikata litarudi kubwa kuliko hili. Sindano labda zingelilainisha, ila hapa hatuna."

Nje baba mdogo kanidaka, "Wanakata lini, baba?"

Nikasema bado wanapanga.

Kuna mtu lake liliwahi kupungua? Semeni ukweli tu.