Faharasa Iliyojipima Yenyewe

Tryphosa Nyanchera alikuwa mtunza maktaba wa kituo chetu cha utafiti wa kilimo, Kisii, na mimi mpiga taipu. Tulitumia chumba kimoja, kwa hivyo kelele za mwaka ule wa 1974 nilizisikia zote.

Fedha zilipunguzwa. Mkurugenzi, Daktari Ratemo, akatangaza kwamba jarida lisilokuwemo katika faharasa kubwa ya ng'ambo, vile vitabu vinene vya kuonyesha makala ya nani imetajwa na nani, halitanunuliwa tena. Tryphosa akaruka. Jarida dogo la migomba la Afrika Mashariki halikuwemo, na afisa wetu wa kilimo kule Nyacheki hakuwa na lingine la kumwongoza pale wakulima walipomlilia kwamba migomba inaanguka.

"Daktari, kwanza tupime kama faharasa yenyewe imekusanya majarida ya kutosha."

"Pima basi, mama." Akampa orodha ya majarida ya kupimia. Na orodha yenyewe, jamani, ilinakiliwa kutoka kurasa za mbele za faharasa ileile!

Tryphosa akashika kiuno. "Hii ni sawa na kusimama kanisani siku ya Sabato useme, 'Aliyebaki nyumbani ainue mkono.' Wakinyamaza, utasema kijiji kizima kimekuja?"

"Maneno matupu hayavunji mfupa. Fanya kazi."

Akafanya, huku akifyonya. Kila jarida likapatikana, lingekosaje? Mwishoni akaandika kwamba kipimo hicho hakifai kitu, tuanze na majarida yaliyomo rafuni mwetu, tuone ni mangapi yamo katika faharasa. Daktari akaifuta aya hiyo kwa kalamu nyekundu, akaacha jina la Tryphosa juu ya ripoti, akaituma Nairobi. Nilikasirika hadi chai ikanishinda kunywa.

Jarida la migomba likakatizwa. Afisa wa Nyacheki alipokuja kuliulizia, Tryphosa alimwonyesha mlango wa Daktari, basi.

Halafu siku moja tukaitwa mkutanoni. Daktari alikuwa anacheka mpaka jino la mwisho.

"Wakubwa wamefurahi! Vituo vyote nchini vitapima majarida yao hivihivi. Wameuita Mpango wa Tryphosa."

Watu wakapiga makofi. Maskini, Daktari aliamini kweli amemheshimu.

Tryphosa akasimama. "Daktari, nakuomba, waondoe jina langu."

"Haiwezekani, mama. Limeshachapishwa, limepelekwa kila kituo. Shukuru."