Tulianza Muziki Kabla ya Baruti

Kilichonifanya niache kuimba katikati ya ubeti wa pili, mbele ya watu kama mia tano, ni shati.

Shati la bluu, la mikono mirefu. Nililifua mwenyewe mchana ule na kulianika nyuma ya jukwaa.

Nililiona, nikasahau maneno. Mpiga besi akanitolea macho. Mpiga ngoma akadhani nimepaliwa na vumbi.

Sikuwa nimepaliwa. Nilikuwa nimegundua kwamba huenda nimemuua mdogo wangu.

Ngoja nianzie mwanzo, maana wengine mtanilaumu kabla hamjajua, na wengine mtanilaumu mkishajua. Yote sawa, nimeshazoea.

Naitwa Agnetha. Naishi Nyahanga, Kahama, na nina bendi ndogo, watu sita na spika nne. Wanamuziki wenzangu wananiita Mama Saa, na wala hawanisifii.

Mimi sipendi kuchelewa. Sipendi kabisa. Kuna mwaka tulialikwa ukumbi mmoja maeneo ya Mwadui, tangazo likasema saa mbili usiku. Mwenye ukumbi akatuzuia kuanza, eti watu wanywe kwanza. Tulipanda jukwaani saa saba na robo. Walikuwa wamebaki watu tisa, wawili wamelalia meza. Akina mama waliokuja na vitenge vyao vizuri walishaondoka zamani, kwa miguu, gizani, wamenuna.

Nilirudi nyumbani nikilia kwa hasira. Tangu siku hiyo nikaapa: nikisema saa kumi jioni, ni saa kumi. Na kabla ya saa tatu usiku nimefunga vyombo, mama wa watu afike kwake salama, na mwenye kazi asubuhi aamke na akili zake.

Hata leo naamini hivyo. Ila sasa nina nyongeza.

Mwaka jana, mwezi wa nane, tukapata mwaliko kwenye machimbo fulani upande wa Bukombe. Jina silitaji, wenyewe mtajijua. Nilifurahi mara mbili. Kwanza kazi. Pili, mdogo wangu Amosi alikuwa anachimba palepale, na nilikuwa na miezi mitano sijamtia machoni.

Amosi ndiye ndugu pekee niliyebaki naye. Mama alifariki yeye akiwa darasa la tano, nikamlea mimi, kwa hela ya kuimba harusini. Akiumwa yeye, naumwa mimi.

Tulifika saa tatu asubuhi. Vijana wakabaki wanashusha vyombo, mimi nikaenda kumtafuta.

Nikaelekezwa kwenye duara lao. Kwa msiojua, duara ni shimo la dhahabu. Linashuka kama kisima, halafu huko chini linatambaa kufuata mwamba. Mdomoni mwa shimo mzee mmoja alikuwa anazungusha winchi, anavuta mifuko ya mawe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mwangaluka, ng'wanawane," akanisalimu kwa Kisukuma kama mwanawe.

"Namtafuta Amosi."

"Yuko chini. Huyo mpaka jioni."

Akanipa mgongo, akaendelea na winchi yake.

Pembeni palikuwa na kamba imefungwa kwenye nguzo mbili, na juu yake mashati manne. Moja nililijua kwa mbali. Nilimnunulia mimi Krismasi. Sasa lilikuwa limekakamaa kwa tope, na harufu yake we acha tu.

Nikasema moyoni, huyu mtoto atakuja kwenye shoo ya dada yake na uchafu huu? Aniaibishe mbele za watu?

Nikalichukua, nikalitia kwenye begi, nikaondoka. Mzee wa winchi hakuniona. Wala sikujificha. Dada kuchukua shati la mdogo wake akalifue, kuna kosa gani hapo?

Saa sita mchana ndipo ugomvi ulipoanza.

Walikuja watu wawili jukwaani. Mmoja mwenyekiti wa machimbo, Thobias, mtu mpole mwenye kitambi na asiyependa kelele. Wa pili alikuwa Chacha, mtu wa Tarime, mrefu, mkavu, ambaye ndiye blasta wao. Baruti zote za pale hupigwa na yeye.

"Mama, hapa muziki ni baada ya baruti," Chacha akasema. "Saa moja."

"Tangazo limesema saa kumi."

"Hilo tangazo aliandika nani?"

"Mimi."

"Basi ulikosea. Napiga saa kumi na moja na nusu. Saa kumi na moja nagonga lile." Akanyoosha kidole kwenye rimu la lori lililoning'inizwa kwenye nguzo. "Likilia, kila aliye chini anatoka. Mkifungulia spika zenu, nani atalisikia?"

Jamani, nilipandwa na jazba. Nikaiona Mwadui ileile inajirudia.

"Kaka yangu, kuna akina mama wametoka Ushirombo. Nikianza saa moja, wao watarudi kwao saa ngapi? Kila mahali ni hivyohivyo, mara subiri wanywe, mara subiri baruti! Watu wanathamini muda lini nchi hii?"

"Wewe una saa yako. Machimbo yana saa yake."

"Saa ni moja tu duniani!"

Thobias akaingia katikati, mikono juu. "Basi, basi. Mama aanze saa kumi. Ila saa kumi na moja kamili anyamaze nusu saa. Rimu ligongwe, baruti ipigwe, halafu aendelee. Sawa, mama?"

"Saa kumi na moja kamili nitanyamaza. Muulize mtu yeyote Kahama kama Agnetha huwa anavunja muda."

Chacha akalitazama rimu lake. "Haya," akasema, akaenda zake.

Saa kumi kamili, sekunde sijui, tukapiga. Watu hawakuamini! Waliokuwa wanakula wakaacha sahani. Waliozoea bendi za kuanza usiku wa manane walikuja mbio wakifunga mikanda njiani. Akina mama wakajaa mbele, watoto migongoni. Nikajisemea, mnaona? Mnaona sasa?

Ilipofika saa kumi na moja, nilitazama mkono. Saa kumi na moja kamili.

Na watu walikuwa wamechemka hasa. Mbele yangu bibi mmoja mwenye mvi alikuwa anacheza amefumba macho, amesahau magonjwa yake yote.

Nikasema, huu mmoja tu uishe.

Ukaisha. Nikapiga mwingine.

Mimi, Mama Saa. Mimi niliyemtukana mwenye ukumbi wa Mwadui miaka yote hiyo. Nilitazama saa, nikaiona vizuri, nikaipuuza, kwa sababu safari hii kuchelewa kulikuwa kutamu kwangu.

Mwenyekiti Thobias mwenyewe nilimwona pembeni anatikisa kitambi. Nikachukulia kwamba hakuna shida.

Saa kumi na moja na dakika ishirini na kitu, gitaa likiwa linalia peke yake, kijana mmoja akapanda jukwaani kunituza.

"Dada Agnetha! Mimi Samwel, nachimba na Amosi!"

"Yuko wapi mwenzio? Mbona simwoni?"

"Tulimwacha chini anajaza mfuko wa mwisho. Ila ameshatoka. Chacha alivyoona hamnyamazi, amezunguka mwenyewe kukagua kamba zote. Tupu."

"Kamba gani?"

"Za mashati. Ukishuka unavua shati unaliacha kambani, ukitoka unalichukua. Shati likiwepo, baruti haipigwi. Hata rimu lisiposikika, shati halidanganyi."

Akateremka kwa kucheza. Nami nikarudi kwenye kipaza sauti, nikaanza wimbo. Ubeti wa kwanza niliumaliza salama. Ninyi mnaosoma mmeshaelewa. Mimi kichwa kilikuwa kimejaa muziki, sikuelewa.

Ubeti wa pili niligeuka kumpa ishara mpiga gitaa. Nyuma yake, kwenye waya, shati la bluu lilikuwa linapepea. Safi. Limekauka.

Niliwageukia vijana wangu.

"Zima!" nikapiga kelele. "Zima vyote! Zima!"

Halafu kwenye kipaza sauti: "Chacha! Usipige! Amosi yuko chini! Shati nililichukua mimi! Chacha, shati ninalo mimi!"

Watu wote wakanyamaza.

Kutoka kule kwenye mashimo ikaja sauti ya mtu mmoja.

"Nimeshawasha!"

Nilirukia chini, kiatu kimoja kikabaki jukwaani. Sijui nilikimbiaje. Ninachokumbuka ni Samwel anakimbia kando yangu huku analia, ananieleza kwamba duara linalolipuliwa na duara lao yametobokeana chini, moto wa huku lazima upite kule.

"Utambi unachukua dakika ngapi?"

"Sita!"

"Amewasha saa ngapi?"

Akaongeza mbio.

Tulipofika, Chacha alikuwa mdomoni mwa shimo. Alinitazama mara moja tu. Hakunitukana, na afadhali angenitukana. Akaibana tochi yake kichwani, akashika kamba, akashuka kule alikotoka kuwasha.

"Chacha, rudi!" Thobias alipiga kelele. "Chacha!"

Alikuwa ameshapotea.

Nilitaka kushuka na mimi. Thobias na wanaume wengine wawili wakanishika. Nikawa nimekaa chini kwenye tope, natazama saa mkononi, mshale wa sekunde unazunguka. Kitu nilichokipenda maisha yangu yote. Siku ile nilitamani kukipasua kwa jiwe.

Dakika moja. Moja na nusu. Mbili.

Ardhi ikaruka.

Vumbi likatoka mashimo yote mawili. Mtu akasema, "Imelia moja." Mwingine akasema, "Zilikuwa nne." Mimi nilikuwa naita jina la mdogo wangu, sauti imekatika.

"Dada?"

Nikageuka.

Amosi alikuwa amesimama nyuma yangu. Amevaa jezi ya mpira ya mtu mwingine, inambana. Sikioni ana povu la sabuni.

"Dada, mbona muziki umezimwa? Unalia nini?"

Nikainuka kutoka kwenye tope.

"Nilisikia besi chini kule saa kumi, nikajua dada ameanza, na dada hamsubiri mtu. Nikamalizia mfuko nikatoka mbio. Nakuta washenzi wameniibia shati! Nikaenda kuoga kambini, foleni ya bafu haiishi, nikaazima hii."

Nilimpiga kofi. Halafu nikamkumbatia mpaka akalalamika.

Halafu nikamkumbuka Chacha.

Mtu mmoja alikuwa chini ya ardhi, kwenye moshi, anamtafuta mtu anayenuka sabuni ya kuogea. Ameshuka kwa ajili ya kelele zangu.

Ilibidi wasubiri moshi upungue. Ikachukua karibu saa nzima. Jua likazama, akina mama wa Ushirombo hawakuondoka hata mmoja, walisimama pale wanasali rozari. Bibi yule wa mvi ndiye aliyekuwa anaongoza.

Walimtoa hai.

Alikuwa amekata tambi tatu. Wa nne ulimuwahi, yeye akiwa ameshajitupa nyuma ya kona ya mwamba. Kona ile ndiyo ilimwokoa. Mkono wa kushoto ulivunjika, na sikio la kushoto lilikuwa linatoka damu.

Nikapiga magoti mbele yake. Amosi alisimama kando yangu na jezi yake.

Chacha akamtazama, kuanzia kichwani mpaka kwenye ndala.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole. "Ameoga," akasema.

Wakampakia kwenye gari.

Sikio lile halikupona. Nilimuuguza mwezi mzima, nikampikia uji, nikamfulia. Hakuwahi kunilaumu hata siku moja, na nadhani alifanya makusudi, maana ilinichoma kuliko matusi.

Siku hizi bado tunapiga machimboni. Kwenye tangazo sasa naandika: MUZIKI BAADA YA BARUTI. Tunaanza saa moja, tunafunga saa tatu na nusu, na nimekodi fuso la kuwarudisha akina mama kwao, wanachangia kidogo kidogo. Kumbe njia ilikuwepo siku zote, nilikosa tu unyenyekevu wa kuitafuta.

Tukipiga kwao, Chacha huja mapema, anakaa kiti cha mbele, amenigeuzia sikio la kulia. Saa yangu naivua naiweka mfukoni. Namtazama yeye. Akinyanyua mkono, naanza. Asiponyanyua, hata wapige miluzi vipi, nasubiri.

Ninachotaka kuwaambia wanamuziki wenzangu ni hiki. Kuanza kwa wakati ni heshima, na kumaliza mapema ni heshima kubwa zaidi. Lakini kabla hujaandika saa kwenye tangazo, waulize wenyeji siku yao inakwendaje. Na saa uliyoahidi kunyamaza, nyamaza, hata kama watu wanakushangilia. Hapo ndipo nilipoanguka mimi.

Na ukikuta shati la mtu kambani, hata linanuka vipi, liache.