Mume Hurudi Akiitwa

Nakerwa na hao wanaosema Anwar amepandwa na majini. Majini gani? Nimepuliza besi ya shaba nyuma ya mgongo wake miaka kumi na sita, namjua kuliko wao wanaomteta barazani. Kilichompata nilikuwapo kikimpata, na kama kuna mtu wa kukieleza ni mimi Munga wa Likoni, ingawa naona haya.

Anwar ni fundi wa kunyoosha bodi za magari, gereji yake iko Changamwe. Ukimpelekea mlango uliobonyea ataugonga polepole, ataupapasa kwa kiganja huku amefumba macho, mpaka aridhike. Ni mtu wa Kisauni, wa wale wa tangu na tangu. Babake alipiga tarumbeta kwenye beni za harusi, na Anwar akairithi tarumbeta pamoja na kiburi chake. Gershom yeye alitoka bara, akiendesha winchi bandarini, na tromboni alijifunza kwenye bendi ya kanisa la kwao. Siku ya kwanza walipokutana walizozana jinsi wimbo mmoja wa harusi unavyokwenda, na walizozana kwa vyombo, si kwa mdomo. Watu wakasimama njiani wakacheka mpaka wakashika mbavu. Hapo ndipo tulipopata Shaba Tano: tarumbeta, tromboni, besi yangu, na ndugu wawili wa Jomvu waliojaza katikati.

Mchezo wetu ulijulikana pwani nzima, na msidhani najisifu. Anwar alikuwa mke, leso kiunoni. Gershom alikuwa mume, na kofia yake ya pama. Wanagombana kwa vyombo, mume anafukuzwa, anatoka hemani akirudi kinyumenyume, uso umetuelekea, kofia kifuani. Anapiga sauti tatu za kuomba radhi. Mke anamjibu kwa mkoromo: sitaki. Kila akikataliwa anarudi nyuma hatua kumi, tromboni inafifia, na kina mama wanalia kwa kicheko. Ombi la tatu, Anwar anapiga mwito, sauti nne zinazopanda, na mume anarudi mbio.

Tulikuwa na masharti mawili tu. Mume haingii mpaka aitwe. Na besi ikinyamaza, mchezo umekwisha, kila mtu anashusha chombo chake. Hilo la pili tuliliweka kwa ajili ya mvua na walevi.

Sasa ile Jumamosi ya Mikindani. Hema lilikuwa kando ya barabara kuu ya Nairobi, saa tisa alasiri. Wiki tatu nyuma Anwar alikuwa ameng'olewa jino la mbele na kuwekewa la bandia, na mpiga tarumbeta bila jino lake hana pa kuegemeza mdomo. Alikuwa akilificha jambo hilo hata kwetu. Basi katikati ya wimbo wa bibi harusi, sauti ya juu ikampasukia. Gershom, mshenzi yule, Mungu amrehemu, akaivuta tromboni akauiga ule mpasuko vilevile. Hema zima likaangua kicheko. Akaurudia. Nami nilicheka, nasema kweli, mpaka mate yakaniingilia kwenye besi.

Anwar hakucheka. Tulipofika kwenye mchezo akamfukuza mumewe kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia. Gershom akatoka kinyumenyume. Ombi la kwanza akakataliwa, la pili akakataliwa, hayo ni kawaida. La tatu nikavuta pumzi kungoja mwito, na Anwar akakoroma. Watu wakaona ni utani mpya, wakapiga vigelegele. Gershom akainua nyusi, akarudi nyuma hatua kumi. La nne vilevile. Anwar akanigeukia, na jicho lake likaniambia wazi: mwache akae huko huko. Ningeshusha besi, mchezo ungekwisha, na Gershom angerudi akitutukana sote. Sikushusha. Nilikuwa naona raha, wallahi, kumwona akitiwa adabu.

Ombi la tano tulilisikia kwa mbali, nalo likakatika baada ya sauti mbili. Watu walicheka hapo pia. Kisha tukasikia breki za trela.

Kwa polisi tulisema ajali. Kwa Agneta, mkewe, tulisema alikufa akichekesha watu. Yote mawili ni kweli, na ndiyo maana yanauma kuyasema. Walioalikwa hawakuwa wakihesabu maombi. Tuliojua ni sisi wanne, na hatukulitaja jambo lile hata baina yetu.

Tromboni ilikuwa imekuwa chapati. Anwar akaiomba kwa Agneta, akasema ataitengeneza. Alikaa nayo gerejini miezi minne, na hapo ndipo mambo yalipoanza. Nyundo ilikuwa ikisimama hewani, yeye akitazama getini. Nilimuuliza, akaniambia zinakuja sauti tatu za tromboni, zinanyamaza, zinakuja tatu tena, kila siku baada ya alasiri, na kila siku kwa mbali kidogo kuliko jana. Alitaka kumwita. Mara nyingi nilimwona akiinua tarumbeta apige mwito, na midomo ikakataa. Nyimbo nyingine zote ziliendelea kumtoka, isipokuwa sauti zile nne. Ummi, mkewe, alinilalamikia kwamba mbuzi wa jirani wanaingia mpaka jikoni, maana Anwar hataki mlango wa mbele ufungwe. Alikuwa amekonda, na mimi niliogopa tutamzika na yeye.

Mwaka wa pili Agneta akanipigia simu. Binti yao Cheryl anaolewa, sherehe itakuwa Junda, na anataka Shaba Tano. Nikamwambia tutakuja ila mchezo tumeuacha. Akanijibu kwa upole kwamba anautaka mchezo, wote, mpaka mwisho wake. Anwar alipoelezwa akaniuliza siku gani.

Alikuja na tromboni, imenyooka, inang'aa, imeviringwa kwenye leso. Akaiweka juu ya kiti karibu na geti la ua. Tukaanza. Aligombana na kile kiti kwa tarumbeta yake, akakifukuza, akakoroma mara moja, akakoroma mara ya pili. Watu walicheka sana, hawakujua. Alipofika kwenye mwito akasimama. Nami nikaendelea na besi, nikimngoja.

Agneta akainuka kwenye meza ya wazazi, simu mkononi. Akamkaribia, akasema taratibu, na mimi nilisikia kwa kuwa nilikuwa nyuma yao tu.

"Shemeji, kuna mtu alinitumia video ya Mikindani. Nyumbani baba Cheryl alikuwa akifanya mazoezi yake mbele yangu, namjua, huomba mara tatu. Siku ile alikuomba mara ngapi?"

Anwar akasema, "Tano."

"Hata mimi nilihesabu tano." Alimtazama kidogo. "Sikukuita nikuaibishe mbele ya wakwe. Nimechoka kumsikia akiomba. Mwite."

Sijui mpaka leo kama alikuwa anaisema ile video ya simuni, au naye alikuwa akimsikia. Mimi hakuniuliza chochote, wala hakunitazama.

Anwar akafuta mdomo kwa ncha ya leso. Akainua tarumbeta, akaelekea getini, na sauti zile zikatoka: ya kwanza, ya pili, ya tatu, na ya nne, ile ya juu, ikapasuka kama ilivyompasukia siku ile. Watu wakaangua kicheko. Agneta akaenda akalifungua geti lote, akasimama pembeni, kama mtu anayempisha mgeni.

Anwar alitega sikio. Nikaona mabega yake yanashuka, kisha akanigeukia, machozi yanamtiririka na huku anacheka, jino lake la bandia nje. Sikuwa nimemwona akicheka tangu Mikindani.

"Munga, umesikia? Ameniiga tena, yule mshenzi."

Nikaitikia kwa kichwa, kwa sababu mdomo wangu ulikuwa kwenye besi. Siku hizi Anwar analala, amenenepa, na Ummi anafunga mlango wake. Wacha iwe hivyo. Lakini mimi sikusikia kitu. Hakuna awezaye kusikia kitu huko nje besi ikilia karibu naye, nami siku hiyo, kama siku ile ya Mikindani, sikuwa nimeacha kupiga.